Cherehani Chini ya Dirisha la Mama

Mke wangu ni fundi wa kushona, na kukaa bure hajui. Hata akila, mguu wake unakanyaga sakafu kama vile pedali iko pale. Kazi yake aliifanyia kwenye kibaraza cha mbao nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la mama yangu. Miaka kumi na moja mama amekuwa akilalamika, "Mkwe wangu, huo mngurumo wako utaniua kabla ya siku zangu."

Jana asubuhi upepo uliung'oa mti wa jirani, ukatua kibarazani. Mbao zilivunjika kama biskuti. Gogo likakwama juu ya cherehani, shubiri moja tu kutoka ukuta wa chumba cha mama. Tulimtoa mama mbiombio, tukamkalisha sebuleni, amenuna.

Fundi wa msumeno akaja, akazunguka, akachungulia, akajikuna kichwa.

"Nikianzia huku, gogo litabomoa ukuta. Nikianzia kule, litasaga cherehani. Kulitegemeza siwezi, sakafu yote imelegea."

Mke wangu hakutulia. Aliingia ndani, akatoka, akafagia majani ambayo hakuna aliyemtuma kuyafagia. Cherehani ile aliinunua kabla hajanijua mimi, na ndiyo iliyosomesha wadogo zake. Roho yangu ilikuwa juu. Ukuta wa mama, cherehani ya mke, ningesema nini? Mwanamume mzima nikajitia hamnazo, eti natafuta kamba.

"Mama watoto," nikaanza.

"Nyamaza wewe." Akamgeukia fundi. "Anzia kule. Ukuta ukianguka, mama atalala wapi?"

Haikuchukua muda. Chuma kililia mara moja, basi. Mke wangu akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Leo mchana amekuja seremala kupima kibaraza kipya. Nami, kwa akili zangu nyingi, nikamwambia akijenge upande wa pili wa nyumba, mama apumzike na kelele tukishapata cherehani nyingine. Nilisahau kwamba mama amelala na dirisha liko wazi.

"Seremala, usimsikilize huyo," akasema kutoka kitandani. "Jenga hapohapo. Tangu saa sita nageuka tu hapa, sipati hata lepe la usingizi. Na mbao uzikaze vizuri, mkwe wangu anakanyaga kwa nguvu."

Mke wangu alikuwa mlangoni, ameshika ndoo. Mguu wake ukaanza kukanyaga.