Nilivyoficha makosa ya Bi Mwanahawa kwenye chumba cha kompyuta, miaka ya sabini

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijaalia vidole kumi, akavipa kazi, na leo vimepinda lakini bado vinaweza kubonyeza simu hii. Sifa zote ni Zake, na rehema zimfikie Mtume wake.

Wakuu, assalaam alaykum. Ndugu zangu Wakristo, amani ya Bwana iwe nanyi. Na vijana watakaonipa shikamoo huko chini, marahaba nawapa mapema kabisa.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi zenu za ajira za IT: nani anaajiri, coding isomwe wapi, CV iandikweje, AI itatubakizia nini. Nasoma, namwombea kila mmoja, nafunga simu.

Lakini Jumapili iliyopita mjukuu wangu wa kike, ambaye anaandika programu kwenye kampuni moja hapa mjini, alikuja kula kwangu kanuna. Mwenzake kazini ameipitia code yake, akaorodhesha makosa yote mahali ambapo timu nzima inaona.

"Babu," akaniambia, "si angerekebisha tu kimyakimya?"

Nikaweka kijiko chini. Ile ilikuwa sauti yangu mwenyewe, inanirudia baada ya miaka karibu hamsini.

Kwa hiyo naandika. Ninayosema ni kweli. Kama kuna pahala nimesahau, huo ni uzee, si uongo.

Nilikuwa kijana, nakaa kwa mjomba wangu Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe. Elimu yangu ilikuwa darasa la nane na chuo cha Kurani. Basi.

Enzi hizo za Ujamaa kila mtu alikuwa ndugu. Mkurugenzi ni ndugu, mfagiaji ni ndugu, na mtu akikupita kwenye foleni ya sukari unamwambia ndugu, rudi nyuma.

Mjomba akasikia kwamba ofisi moja ya umma kule Mchafukoge inataka vijana wa kufanya kazi kwenye kompyuta. Hakuna aliyejua kompyuta ni nini. Mke wa mjomba alidhani ni aina ya cherehani. Hakukosea sana, mtaona.

Siku ya usaili tulijaa ngazi mpaka barabarani. Hawakutuuliza habari za kompyuta, maana nani angejibu? Walitupa karatasi mbili za majina ya watu, wakasema ya pili imenakiliwa kutoka ya kwanza, tafuteni palipokosewa.

Nikaweka kidole kimoja huku, kingine kule, midomo inacheza bila sauti. Nilifanya kama tulivyofanya chuoni. Pale mmoja alikuwa akisoma kwa moyo, mwenzake anamfuatilia kwa kidole kwenye ubao, na msomaji akiteleza herufi moja tu, unagonga ubao kwa kifundo cha kidole. Ko! Anarudi nyuma, anasoma upya. Hakuna kununa.

Nikayaona yote. Wakachukua wanne kwa majaribio ya miezi mitatu, na mimi nikiwemo. Tukaambiwa mapema kwamba mwisho watabaki wawili.

Wakuu, chumba kile hata leo nakiota.

Kwanza baridi. Nje Kariakoo inachemka, mkokoteni unapiga kelele, jasho linaingia machoni. Unafungua mlango, unaingia asubuhi ya nchi nyingine. Kulikuwa na mashine ya kupoza hewa, si kwa ajili yetu, kwa ajili ya kompyuta. Siku ya kwanza nilitetemeka mpaka meno yakagongana, na mama mmoja mtu mzima akavua khanga yake ya mabegani akanifunika. Wenzangu wakacheka, wakasema leo tumeletewa bibi harusi.

Huyo ndiye Bi Mwanahawa. Mtoboaji wa kwanza mwanamke pale ndani, mjane, mtu wa Kariakoo hasa.

Niwaeleze kazi kwa kifupi. Fomu zilikuja kutoka vijiji vipya, nyingi za kusini. Kila fomu ni kaya moja: jina la mkuu wa kaya, kijiji, watu wangapi. Mtoboaji anabonyeza, mashine inatoboa matundu kwenye kadi ngumu. Kadi moja, kaya moja. Kompyuta inasoma matundu.

Kisha inakuja zamu ya mhakiki. Huyo nilikuwa mimi. Napewa fomu ileile na kadi iliyokwisha kutobolewa, nabonyeza upya kila kitu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Tukikubaliana, kadi inapita. Tukitofautiana, taa nyekundu inawaka, mashine inakwama. Nikijaribu mara tatu ikakataa, mashine inaing'ata kadi pengo dogo juu. Tk. Kadi hiyo inakwenda kwa msimamizi pamoja na fomu yake. Yeye ndiye mtu wa tatu, anaangalia nani amesoma sawa, anaandika kwenye daftari la makosa.

Msimamizi wetu alikuwa Ndugu Anaeli, Mchaga wa Marangu, Mlutheri. Mpole, kiatu kinang'aa, haongei mara mbili.

Mashine ishirini zikibonyezwa pamoja, sauti yake ilikuwa mvua juu ya bati. Nilikuwa naelea. Majina yanapita chini ya vidole vyangu, watu wa Newala, wa Masasi, wa Nachingwea, na mimi sijawahi kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni. Nilijiona natembea kijiji baada ya kijiji, nabisha hodi, nahesabu watoto mlangoni.

Wiki ya tatu, taa nyekundu ikaanza kuwaka sana kwenye kadi za Bi Mwanahawa.

Nane anaifanya tatu. Sita anaifanya sifuri. Si kila kadi, lakini kila siku zilikuwepo.

Ofisini ilisemwa kwamba jina likizidi kwenye daftari la makosa, mwenye jina anapelekwa stoo ya makaratasi, chini, kwenye vumbi, na huko ndiko kustaafu kwake.

Nikamkumbuka na khanga yake. Nikakumbuka tulivyolelewa, kwamba aibu ya mwenzako unaifunika, na Mola atakufunika yako.

Basi nikawa namfunika. Kabla mashine haijang'ata, naichomoa kadi. Wenzangu wakitoka kula, natoboa nyingine iliyo sahihi, naihakiki, inapita safi. Ile mbovu naitia mfukoni. Na ili isijulikane ni nani ninayemfunika, nikawa nachomoa hata za wengine.

Nilizifunga nyumbani kwa kamba ya katani. Alasiri, baada ya sala, nilikuwa naishika kadi moja dirishani, jua linapita kwenye matundu, na ukutani inaanguka mistari ya nukta za mwanga. Nikitazama nasema, huyu ni mtu wa Newala na mkewe na wanawe, wamekuja kulala ukutani kwangu Narung'ombe. Nilijiona malaika mdogo. Mungu anisamehe.

Ikafika wiki ya mwisho ya majaribio. Jumatano Ndugu Anaeli akaniita mezani kwake. Kadi mia moja mbele yake, zote safi.

Akanieleza taratibu. Alishangaa kwa nini kadi zangu hazina pengo hata moja. Akadhani sihakiki, napitisha tu. Akakaa mwenyewe akatoboa kadi mia, akazichanganya na kazi yangu.

"Nilipanda makosa tisa," akasema. "Wewe umesahihisha kumi."

Sikuelewa. Akasogeza fomu moja. Karani wa kijiji kile aliandika saba yake imesimama wima, kama moja yenye kofia. Ndugu Anaeli alikuwa ametoboa saba, na ilikuwa saba. Mimi nikaona moja, taa ikawaka, nikachomoa kadi, nikatoboa moja.

"Kaya ya watu saba. Umemwacha baba peke yake. Mke na watoto watano umewafuta, ndugu, na hakuna mtu angejua."

Wakuu, baridi ya kile chumba iliniingia mfupani.

Akauliza namficha nani. Nikatazama kiatu chake kinachong'aa. Akasema hatanilazimisha, lakini Ijumaa orodha inabandikwa, na hawezi kumwajiri mhakiki ambaye mashine yake haisemi. Nina mpaka kesho kutwa.

Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona njia. Nikimtaja, namtupa mama wa watu stoo. Nisipomtaja, narudi kubeba magunia sokoni, na mjomba alikwisha kutangaza mtaa mzima kwamba ana mtoto wa kompyuta.

Alhamisi jioni nikachukua fungu langu la kadi nikaenda kwake, mtaa wa pili tu. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza mbona uso umekuwa kama wa mtu aliyeibiwa.

Nikamwambia yote. Nikamwekea kadi mapajani.

Alichukua moja, akaisogeza mbali na uso, mkono umenyooka wote. Akarudisha karibu. Akasogeza tena mbali. Nikatazama ule mchele kwenye ungo. Upande aliokwisha kuchambua ulikuwa na mawe.

Akairudisha ile kadi mapajani.

"Kumbe mwanangu umekuwa ukinifuta kamasi, na mimi sijui nina mafua."

Nikaanza kusema kwamba nilikuwa namsitiri. Akaniinulia kiganja.

"Kunisitiri mbele za watu, Mungu akulipe. Kunisitiri mbele yangu mwenyewe, hiyo umejifunza wapi?"

Akazigusa kadi mapajani.

"Kadi zinarudi safi, nasema alhamdulillahi, macho bado yapo. Chuoni mwenzako akikosea aya ulikuwa unamfunika, au unamgongea ubao?"

"Namgongea, mama."

"Na akinuna?"

"Hakuna aliyenuna."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mchele wake, taratibu, jiwe moja moja, kwa kupapasa.

Hapo ndipo nilipoona nilikuwa na mafundisho mawili, yote ya haki, nikashika moja pahala pa lingine. Aibu ya mtu hufunikwa. Kosa la kazi ambalo wengine wataliishi, hilo hugongwa.

Ijumaa nilifika mapema. Bi Mwanahawa alikuwa amefika kabla yangu. Nilimwona kwa kioo cha mlango, amekaa mbele ya Ndugu Anaeli, fungu langu la kadi mezani, kamba ya katani imefunguliwa. Anaongea yeye, msimamizi anasikiliza na kichwa kimeinama.

Saa sita kasoro, kabla hatujaenda msikitini, orodha ikabandikwa. Majina mawili yamepigwa chapa. Langu halimo.

Nilisoma mara tatu, kwa kidole, kama kawaida yangu. Ndipo nikaona chini kabisa, kwa wino, mkono wa Ndugu Anaeli: jina langu, na mbele yake, majaribio tena miezi mitatu.

Nilisali Ijumaa ile na machozi, na sikuona haya.

Kadi zote nilizozichomoa zilitafutwa fomu zake zikaangaliwa upya, na mtu wa tatu. Ilichukua siku nyingi. Nilikaa kwenye kazi hiyo mwenyewe, na nilikuta kaya nyingine mbili nilizozipunguza watu kwa wema wangu.

Bi Mwanahawa hakwenda stoo. Alipelekwa hospitali, akarudi na miwani mikubwa myeusi, fremu nzito kama dirisha. Wale wale walioniita bibi harusi wakamwita dereva wa treni. Akawaambia dereva ndiye anayekaa macho abiria wakilala.

Asubuhi ya kwanza aliporudi, mvua ya mashine imeanza, kadi yake ya kama kumi hivi, taa yangu ikawaka nyekundu. Nikajaribu mara ya pili. Mara ya tatu. Mkono ulitaka kuchomoa, wakuu, sitawadanganya.

Nikaiacha kadi. Tk.

Akainua uso kutoka upande wa pili wa chumba.

"Yangu hiyo?"

"Yako, mama."

"Gonga ubao, mwanangu," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Miezi mitatu ilipoisha niliajiriwa. Kadi zikaja zikapita, zikaja tepu, zikaja skrini, nikastaafu na mvi zangu. Mpaka mwisho, kijana mpya akija chini yangu, kitu cha kwanza nilimwonyesha kifundo cha kidole na ubao wa meza.

Mjukuu wangu nilimsimulia haya haya. Alimaliza kula. Akafungua kompyuta yake ndogo pale mezani, akaanza kusoma yale maoni ya mwenzake moja baada ya jingine. Kwenye la nne nikamsikia anasema peke yake, "Eh. Hili kweli."

Wanangu mnaotafuta njia kwenye teknolojia, hilo ndilo nililojifunza. Ufundi utafundishwa. Kinachotafutwa ni mtu ambaye taa ikiwaka anaiacha iwake, iwe ya mwenzake au yake.

Wenye uzoefu wa kazi za zamani, au wa leo, naomba mseme hapa chini. Mmewahi kumficha mtu, au kufichwa? Na mkiona nimekosea pahala, gongeni ubao. Sinuni.

Mwenyezi Mungu ambaye hesabu yake haimwachi mtu nje ya kaya yake, akuhesabu wewe uliyesoma mpaka hapa pamoja na wako wote, akupe kazi yenye heshima, na akupe mwenzako mmoja anayekupenda kiasi cha kukuambia ulipokosea. Amina.