Nilivyochora muwa kwenye ukuta wa maabara Kilosa nikidhani ni seli ya neva

Wakuu, habari za muda huu.

Niseme kosa langu kwanza ili msihangaike kulitafuta katikati ya uzi. Nilidhani mchoro ukipendeza basi uko sahihi. Yanayofuata yalinitokea mimi mwenyewe, sijayatia chumvi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Ndivyo nilivyo, mnivumilie.

Mimi ni mchoraji. Sikusomea popote. Nilizaliwa Kidodi, kwenye mashamba ya miwa, nikamaliza darasa la saba, kisha nikahamia Mikumi na kujifunza kwa kuangalia kazi za wenzangu.

Ilikuwa miaka ile biashara zimeachiwa huru. Kila mwenye chumba cha mbele alifungua duka, grosari au gesti, na kila mmoja alitaka bango. Nilichora tembo wengi sana. Pale Mikumi baa isiyo na tembo ukutani ilionekana haijakamilika.

Sifa yangu ilikuwa kivuli. Herufi zangu zilikuwa na kivuli, tembo wangu walikuwa na kivuli, hata chupa ya soda niliitia kivuli mpaka watu wakawa wanaigusa. Na nilikuwa na ugonjwa wa kurudi kwenye kazi ya mtu baada ya wiki kurekebisha mkia wa twiga, wakati mwenye baa hajui kama mkia una tatizo.

Sekondari za binafsi nazo zilianza kuota. Moja ilifunguliwa Kilosa. Mkuu wa shule alipita Mikumi, akamwona twiga wangu, akaniuliza kama naweza kuchora mambo ya baiolojia kwenye kuta za maabara mpya.

Nikasema naweza. Baiolojia yenyewe sikuijua, ila nilijiamini kwamba nikiwekewa kitu mbele nakichora.

Tulikubaliana nianze na seli ya neva. Ikikubalika, napewa kuta zote zilizobaki: moyo, figo, jani, jicho. Jumamosi ya wiki ile ilikuwa siku ya wazazi na maabara ingefunguliwa rasmi.

Mabango hayakunilisha mwaka mzima, hivyo kwangu kazi ile ilikuwa na maana moja. Nikiipata, sirudi Kidodi kupalilia miwa.

Mwalimu wa baiolojia, Madam Zuhura, alikuwa amesafiri kwenda Morogoro. Aliniachia fotokopi, nayo ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Kulikuwa na kitu kama kichwa chenye matawi, kisha mkia mrefu, na ule mkia ulikuwa na madoa meusi yanayojirudia mpaka mwisho. Pembeni kulikuwa na maneno ya Kiingereza.

Sasa hapa ndugu zangu. Mtoto wa Kidodi ukimwonyesha kitu kirefu chenye alama zinazojirudia, atakiona kitu kimoja tu.

Niliona muwa.

Nikasema moyoni, kumbe neva nayo ina pingili. Nikachora pingili, na kila pingili ilipoishia nikaweka fundo limevimba vizuri, na kivuli chini yake. Kichwa nikakipaka rangi ya udongo. Matawi nikayakunjakunja. Mistari inayokwenda kwenye majina nikaipinda ili ipendeze, mingine ikapita juu ya mwenzake.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini sikuuliza walimu wengine waliokuwepo. Niliogopa kuonekana sijui.

Nilipomaliza nikarudi nyuma kuutazama ukuta. Huwa siridhiki na kazi yangu, lakini siku ile niliridhika.

Mkuu wa shule alikuja, akainamisha kichwa huku na huku.

"Kijana, hii kitu inataka kutoka ukutani," akasema. Akaniambia Jumatatu nianze moyo.

Alhamisi Madam Zuhura akarudi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa tayari ukutani. Alikwenda kukaa kwenye benchi la mwisho kabisa, akakaza macho.

"Fundi, pale juu pameandikwa nini?"

"Cell body, Madam, kile kichwa."

"Wewe unajua kwa sababu uliandika mwenyewe. Kutoka huku hapasomeki."

Kisha akaita kidato cha nne, wale ambao wangefanya mtihani wa taifa mwaka huo. Mada ya neva hakuwa amewafundisha. Akawaambia kila mmoja achukue karatasi, achore anachokiona ukutani, basi.

Kulikuwa na binti anaitwa Kabula, kwao ni wafugaji waliohamia Mvumi kutoka Kanda ya Ziwa. Akanyoosha mkono.

"Madam, tuanzie juu au kwenye mizizi?"

"Mizizi gani?"

"Si muhogo huu?"

Darasa likacheka. Kijana aliyekaa nyuma yake akasema, "Muhogo gani una pingili? Huo muwa, umeng'olewa na shina lake. Kwenu mmezoea ng'ombe, utajuaje."

"Na wewe kwenu mnalima," Kabula akamjibu, "mbona ulikuwa umekaa kimya unauchora?"

Mimi nilikuwa mlangoni na brashi yangu. Sikucheka.

Karatasi zilikusanywa, Madam akazipanga mezani na kuniita. Hakunigombeza, na naona angenigombeza ingekuwa nafuu. Karatasi zote zilikuwa na mafundo. Wale wenye mkono mzuri walikuwa wameweka na kivuli.

"Umeona? Wamekuamini," akasema.

Akanieleza kwamba mchoro wa baiolojia hautiwi kivuli, msahihishaji anakata maksi. Mistari ya majina inanyooshwa kwa rula na haipishani. "Lakini hayo ni ya kusomeka tu. Haya mafundo ni uongo."

Akachukua penseli akanichorea. Mkia wa neva umevaa ganda la mafuta. Ganda linakatika, linaanza tena, linakatika tena. Pale linapokatika hapavimbi, panakuwa pembamba. Pengo.

"Ujumbe unaruka kutoka pengo hadi pengo, ndiyo maana unafika upesi. Wewe umeziba yote. Huyu mtu wako akishika sufuria ya moto leo, atajua kesho."

Mkuu wa shule akaingia wakati huohuo. Madam akamwambia mchoro inabidi ufutwe, penye fundo pawe na pengo.

"Mwalimu, Jumamosi ni keshokutwa. Wazazi watajua fundo na pengo?"

"Wazazi hawafanyi mtihani, mkuu."

"Sawa. Ila ukuta ukiwa haujaisha siku ya wazazi, kuta nyingine nampa yule fundi wa Morogoro. Siwezi kusubiri." Akanigeukia. "Kijana, mwenye kazi ni wewe. Mchoro una kosa au hauna?"

Wakuu, neno moja tu lilitakiwa. Madam alikuwa ananitazama, hakunisaidia. Kwa woga nikasema, "Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Asubuhi uliniamkia. Nimeuliza kosa."

Nikaziangalia zile karatasi mezani. Zilikuwa za watu ambao baada ya miezi michache wangechora muwa mbele ya msimamizi wa mtihani wakijua wamepatia.

"Lipo," nikasema. "Mkia wote una kosa."

"Basi futa." Akatoka.

Nilipiga msasa, nikapaka nyeupe. Ijumaa yote nilikuwa nasubiri rangi ikauke. Jumamosi asubuhi nikaanza upya kwa mstari mweusi mtupu, bila kivuli, na rula kwenye majina. Wazazi walipoingia nilikuwa nimemaliza kichwa na nusu ya mkia.

Mzee mmoja akamuuliza mkuu wa shule, "Hiki bado?"

"Bado," akajibu bila kunitazama.

Fundi wa Morogoro alikuja akachora moyo. Ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya, unang'aa kama umetoka kuoshwa. Kuta zote akapewa yeye. Msimu ule nilipalilia miwa.

Lakini kabla sijaondoka Kilosa nilimalizia mkia, mapengo yote wazi, na Madam akawaambia kidato cha nne wachore tena. Akaniita nije nitazame. Nilipitia karatasi moja moja, kwa ugonjwa wangu uleule. Fundo halikuwepo hata moja. Ya Kabula mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko yangu.

Nilichojifunza ni kwamba ukichora kitu usichokijua, mkono wako utachora unachokijua, na watu watakiamini kadiri kilivyo kizuri.

Walimu na wachoraji mliomo humu, semeni na nyie. Ni mchoro gani ukutani uliwahi kuwadanganya? Na yule anayeona nilikuwa mjinga kupoteza kuta zilizobaki aseme pia, nitasoma.

Mimi tangu hapo sipaki rangi mchoro wa kufundishia kabla mtu asiyejua somo hajauchora kwa kuitazama rasimu yangu. Na nisipojua kitu kinafanya kazi gani, nauliza kabla ya kufungua kopo.