Idi ya Miavuli

Kitambaa kipya cha dukani kina harufu yake kabla hakijafuliwa. Kinanuka dondo, ule wanga unaokikakamaza, kinanuka vumbi la ghalani, na ndani yake kuna kitu kama mafuta ya taa. Juzi nilikuwa kwenye duka moja hapa Mtwara mjini nikimtafutia binti yangu nguo ya sikukuu. Mwenye duka akalikunjua jora juu ya meza na harufu ile ikanipanda puani. Kabla sijajua nafanya nini, mkono wangu ulikuwa umeshamkamata mtoto. Alikuwa hapo hapo kando yangu, anachezea simu yangu, hana habari.

"Mama, kwani kuna nini?" akaniuliza, maana nilikuwa namuumiza.

Nikamwambia hakuna kitu. Ninyi nitawaambia, kwa kuwa hamtanicheka, au mkicheka mtacheka kwa adabu.

Mimi ni mtoto wa Mpapura, kwenye mikorosho. Watu wa kwetu tumezoea nafasi. Jirani unamsikia anakohoa kabla hujamwona, na ukigombana naye kuna njia ya kutosha ya kupishana bila kusalimiana. Mama yangu alikuwa mtu wa nafasi kuliko wote. Kwenye harusi alikaa karibu na mlango, msibani karibu na mlango, na siku ya mnada alinunua kwa mtu wa kwanza aliyemkuta hata kama nyanya zake zimelegea, ili mradi asiingie katikati. Kifua kilikuwa kinambana kwenye watu wengi. Wakati huo sisi tulidhani ni maringo.

Sasa mwaka huo dada yake, Mama Mkubwa Hadija, aliyekuwa fundi cherehani kule Rahaleo, Mtwara mjini, akatuletea habari kwamba sikukuu hii bembea zinakuja na malori kutoka Dar es Salaam. Si bembea zetu za kamba na ubao. Zinakuja za chuma, na moja ni gurudumu kubwa linalozungushwa kwa mashine na kuwapandisha watu juu kuliko mapaa. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafunga Ramadhani nzima. Mama, katika kunitia moyo, alinitamkia mbele ya Baba na Mama Mkubwa, "Somoe akimaliza mfungo wake, atapanda." Neno la Mama lilikuwa halirudi nyuma. Nikafunga mwezi mzima huku tumboni mna gurudumu.

Kadiri mwezi ulivyopungua ndivyo Mama alivyokosa raha. Alikuwa anasonga ugali wa daku na kujisemea kwamba huko watu watakuwa kama siafu, na mdogo wangu Shaibu ni mtoto wa kushangaa, akiona puto atalifuata mpaka Mikindani. Baba alikuwa abaki na mbuzi, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wa Mama. Mwisho akapata dawa. "Kifaranga hufungwa kitambaa mguuni kikajulikana ni cha nani," akasema. "Na wangu nitawavika nguo moja."

Tukaenda dukani kwa Mzee Gulamu, Mhindi wa Mikindani ambaye watu wa kwao walifanya biashara huku tangu enzi za mababu, na Kiswahili chake cha pwani kilikuwa kitamu kuliko chetu cha bara kilichojaa Kimakonde. Mama akamwambia anataka kitambaa kinachoonekana kwa mbali. Mzee Gulamu akaingia nyuma, akatoka na jora la rangi ya njano kali, lina miavuli midogo myekundu juu chini, juu chini. Lilikuwa linaumiza macho. "Hiki, bibie," akasema, "hata mwenye mtoto wa jicho atakiona."

Mama Mkubwa akanishonea gauni, Shaibu akapata shati na kaptula, na kipande kilichobaki Mama akajifunga kilemba. Tulipojaribu nguo zile zilikuwa bado zimekakamaa, zinanuka lile dondo, na zinakwaruza shingoni kila tukigeuka. Mama akarudi nyuma hatua kadhaa, akatutazama kwa mbali, na kwa mara ya kwanza mwezi ule nikamwona ameshusha mabega.

Akatukumbusha na sheria yetu ya mikoroshoni. Mikorosho, kwa asiyeijua, inafanana. Wakati wa kuokota mtoto akiinama na kuinuka mara mbili hajui tena alikotoka. Kwa hiyo tangu tunaanza kutembea alikuwa anatuimbia yale yale. "Ukipotea, kaa chini hapo hapo. Usinitafute. Mimi ndiye nitakayetembea."

Siku ya Idi, baada ya pilau, tukatoka Rahaleo kwa miguu. Mama kamshika Shaibu mkono wa kulia na mimi wa kushoto, Mama Mkubwa nyuma kama mchungaji. Hatujafika hata barabara kubwa, nikamwona msichana wa rika langu kavaa gauni la njano lenye miavuli. Tukatazamana kwa chuki. Mama naye alimwona, akaharakisha mwendo. Mbele kidogo tukapishana na mapacha wa miavuli. Halafu ikaja familia nzima, baba, mama na watoto, na yule baba shati lake lilikuwa na miavuli mpaka kwenye kola.

Tulipoingia uwanjani, Mama akasimama. Ulikuwa uwanja wa njano. Kumbe kila mama wa shamba aliyekuwa na wasiwasi wake alikwenda kwa Mzee Gulamu na kumwambia maneno yale yale, na yeye, kwa uso ule ule wa huruma, akamtolea jora lile lile.

"Gulamu kavika wilaya nzima," Mama Mkubwa akasema, akacheka mpaka akajishika ubavu. Mama hakucheka. Alikaza mikono yetu hadi vidole vikafa ganzi.

Nimeshakwenda kwenye mikusanyiko mingi tangu siku ile, lakini nikifumba macho ni ule ndio unaonijia. Jenereta zinanguruma, spika kila moja na muziki wake, moshi wa mihogo ya kukaanga, maganda ya miwa chini ya viatu vipya, marashi na jasho. Mtoto hauoni umati. Mtoto anaona matumbo na mikoba. Unasukumwa kwa nyuma, unakanyagwa, ukiinua uso unapata kiwiko. Nilikuwa na hamu na nilikuwa na hofu, na vyote viwili vilinifanya nitake kukojoa. Juu ya vichwa vyote gurudumu lilikuwa linazunguka, na watu juu yake wanapiga mayowe.

Mstari wa gurudumu haukuwa mstari. Walikuwa watu waliobanana wakielekea kwenye kigeti kimoja. Kila kilipofunguliwa tulisombwa mbele, kisha tukarudishwa. Katika kusombwa kumoja nilihisi Mama anavutwa upande, mkono wake wa kulia ukachomoka, akainama haraka, akaona mkono mdogo wenye miavuli, akaukamata, tukasonga. Shaibu alikuwa kimya kwa namna ambayo si kawaida yake, anafyonza barafu ya mfuko. Nikawaza, hii barafu kapewa na nani?

Tulipokaribia kabisa kigeti, Mama akachukua pindo la kanga ili amfute makamasi. Akamwinua uso.

"Huyu si Shaibu," akasema. Alisema polepole, kama mtu aliyekuta mbuzi wa jirani kwenye banda lake.

Mtoto yule akatutazama wote, akaendelea na barafu yake. Mama Mkubwa akamshika mkono, akasukuma watu kuelekea kwa mtangazaji wa uwanja, mwenye kipaza sauti. Haikupita muda muziki wa spika ukanyamazishwa, tukasikia: anatafutwa mtoto wa kiume, mdogo, amevaa nguo za njano zenye miavuli. Uwanja mzima ukainama kutazama watoto wao. Kisha watu wakaangua kicheko, na muziki ukarudi.

Mama alikuwa mfupi. Alijinyanyua kwa vidole vya miguu, akageuka huku, akageuka kule, akaita jina la Shaibu na sauti haikufika hata mtu wa tatu. Nilimwona anavyohema. Bwana aliyekuwa anaendesha gurudumu, mnene na mwenye miwani ya jua, akatushikia mnyororo wa kiti kilichosimama mbele yetu. "Mnapanda hampandi?"

Mama akatazama juu. Alikuwa hajawahi kupanda hata ngazi ya ghorofa. Akaniingiza kwenye kiti, akaingia na yeye.

Mambo niliyoyafungia mwezi mzima yakaja yote pamoja. Ardhi ikaondoka, upepo ukaingia ndani ya gauni, nikaona mapaa ya bati, na kule Shangani nikaona bahari yote kwa mara moja. Sikuifurahia. Mama alikuwa ameinama juu ya mnyororo akitazama chini, na kutoka kule juu kilichoonekana ni miavuli, miavuli, miavuli. Tukashuka. Tukapanda tena.

"Yule pale," Mama akasema.

Nami nikaona. Katikati ya watu palikuwa na tundu. Umati ulikuwa unafika pale, unagawanyika, unapita pembeni na kukutana tena mbele. Ndani ya tundu amekaa mtoto chini, miguu kainyoosha, na mama mmoja mrefu amesimama juu yake ametanua mikono na kanga yake. Shaibu alikuwa amekaa alipopotelea, kama alivyofundishwa.

Halafu tukashushwa, na tundu likamezwa na migongo ya watu.

"Simamisha, baba," Mama akamwita yule bwana tulipopita chini. "Mwanangu yule pale." Yule bwana akatabasamu, akainua kidole gumba, akaongeza mwendo. Mnamlaumu? Kwenye bembea yake kila mtu alikuwa anapiga kelele, na kazi yake ilikuwa kuwazidishia.

Sikumbuki tulizunguka mara ngapi. Nakumbuka kwamba kila tulipofika juu Mama alimwona, na kila tulipofika chini alimpoteza. Juu uso wake ulifunguka, chini ukafungika. "Kaa hapo hapo, Shaibu, nakuja," alikuwa anaita kutoka angani, na spika zinakula maneno yake. Tulipopita karibu na ardhi aligusa ndoano ya mnyororo, nami nikaikunja kanga yake kwenye ngumi zangu nikilia, kwa sababu nilimjua Mama, angeweza kushuka. Mkono wake wa kulia aliunyoosha kuelekea kule alikomwona na hakuushusha, hata tukiwa chini haonekani.

Gurudumu liliposimama, mkono ule bado umenyooka. Akaufuata. Aliyekuwa anaogopa kupita katikati ya wanunuzi wa nyanya aliupasua umati ule bila hodi, mimi nikining'inia kwenye kanga. Tukaisikia sauti kabla ya kuona. "Piteni huku, jamani, piteni huku, hapa kuna mtu."

Mama akapiga magoti, akamshika Shaibu kichwa kwa mikono miwili.

"Nilikaa," Shaibu akasema.

"Nilimwambia twende tumtafute mama'ko, kakataa," yule mama mrefu akasema. "Kasema mama yake ndiye anayetembea." Alikuwa anaongea na sisi, lakini macho yake yalikuwa yanaruka juu ya vichwa vya watu, hayatulii. "Na mie wangu n'na muda simuoni. Kavaa kama huyu huyu."

"Sasa mbona umesimama hapa, dada?" Mama akamuuliza.

"N'ngemwachaje? Nilisema nikimwacha huyu akanyagwe, na wangu huko aliko nani atamsimamia?"

Mama akamwambia, "Wako yupo. Yuko kwa dada yangu, anakula barafu."

Yule mama akashusha mikono, na kanga ikamponyoka. Kisha akakaa chini mavumbini, pale pale alipokuwa amekaa Shaibu, na Mama akakaa kando yake, na mimi nikatanua mikono yangu midogo ili watu wasiwakanyage.

Jioni ile, kwa Mama Mkubwa, Mama aliniuliza, "Haya, na wewe uliona nini huko juu?" Nikamjibu, "Nilimwona Shaibu." Akacheka mpaka machozi. Nguo za miavuli zilivaliwa mpaka zikawa foronya, na kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha Mzee Gulamu.

Siku zote niliamini sheria ile ya mikoroshoni ilikuwa yetu sisi watoto, na kwamba Shaibu ndiye aliyeitimiza. Nimekuwa mzazi ndipo nikaiona vizuri. Kukaa kulikuwa fungu jepesi. Fungu zito Mama alijipa mwenyewe, yeye mwenye kifua kilichobana, na akalitamka kila siku kama kitu kidogo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wazee, na mimi nilikuwa nauitikia tu.

Pale dukani juzi nilichagua kitambaa cha kawaida. Nikamwinamia binti yangu, kwa sababu bembea zinakuja tena na amenisumbua anataka kwenda, nikamwambia akipotea akae chini hapo hapo, mimi ndiye nitakayetembea.

Akafikiri. "Na usiponiona, utatembea mpaka lini?"

Sisi hatukuwahi kumuuliza Mama swali hilo. Nikamkumbuka kwenye kiti kile cha chuma, anapandishwa na kushushwa, mkono umenyooka.

"Mpaka nikuone," nikamwambia.

Akaridhika, akarudia simu. Mimi ndiye sijatulia tangu siku hiyo.