Bi Nyoosha na Lenzi Zinazokauka

Watu wengi hudhani kupiga pasi ni kusukuma chuma cha moto huku na huko mpaka nguo ikubali yaishe. Bi Nyoosha akisikia hivyo husonya. Ufundi huo alifundishwa na shangazi yake angali msichana, na jina alilopewa na wazazi wateja hawalijui wala hawalihitaji. Ukiingia katika duka la dobi pale kona, lile lenye mlango wa kioo na kengele juu yake, ukasikia mtu anasema, "Hii mpelekeeni Bi Nyoosha," jua kuna nguo imewashinda wengine. Naye hupenda ijulikane hivyo. Unyenyekevu ni mzuri, husema, lakini haunyooshi ukosi.

Shida yake ilikuwa macho. Tangu utotoni, kitu kikishavuka kiganja cha mkono kilimgeukia ukungu. Kwa miaka mingi alivaa miwani na hakuna aliyemsikia akilalamika. Kisha tajiri wa duka akaleta pasi kubwa ya mvuke, yenye tangi lake na mpira mrefu, na amani ikaisha. Kila mvuke ulipopanda, miwani ilipata jasho. Apige pasi, avue, afute kwa aproni, avae, apige tena. Shati la kumaliza mara moja likawa linakula nusu ya asubuhi.

Ndipo akanunua lenzi, zile ndogo laini za kuvaa juu ya mboni. Siku ya kwanza aliona uzi wa kila mshono katikati ya mvuke, akafurahi hadi akaimba. Ilipofika saa sita mchana wimbo ulikuwa umekwisha. Macho yalikauka, yakawasha, akahisi kama yametiwa mchanga. Akanunua za aina nyingine, ghali zaidi. Mchanga ule ule. Akajaribu za tatu, alizosifiwa na muuzaji kwa maneno matamu kuliko ya mshenga, na jioni akarudi nyumbani macho mekundu.

"Wifi," dada wa mumewe akamwambia akiwa ameshika kiuno, "leo umefua nguo au umemenya gunia la vitunguu?"

"Cheka tu. Siku yako ya kuniletea blauzi ya hariri inakuja."

Jioni hizo alikuwa akizitoa lenzi, na mwanga wa taa ukimchoma, ananyoosha shati la mumewe la kesho yake kwa kupapasa, macho kayafumba nusu, miwani imelala kabatini tangu anunue lenzi. Hakuona taabu. Mumewe ni mwalimu wa hesabu, mashati yake yote ni meupe na mkono wa Bi Nyoosha unayajua kama unavyojua njia ya mdomoni. Asubuhi mwalimu alivaa, akasema ahsante mama, akaenda zake shuleni.

Dukani ndiko kulikoharibika. Mchana mmoja lenzi ilimhama jichoni akiwa juu ya sketi ya marinda, akapepesa, akaendelea kwa mazoea. Mwenye sketi alirudi nayo amekasirika. Rinda moja lilikuwa limelalia la pili, na limekandamizwa sawasawa, kwa nguvu zote za fundi.

Tajiri si mtu mbaya. Alimwita pembeni, akakuna shingo.

"Bi Nyoosha, wiki ijayo wanatuletea sare za bendi ya shule. Sketi zote ni za marinda. Nafikiri uje kaunta, upokee nguo, uongee na wateja. Umri nao…"

"Umri wangu una shida gani?"

"Sijasema una shida. Nasema macho."

"Basi sema macho. Nipe mpaka sare zifike. Zikifika nami siwezi, nitakuja kaunta mwenyewe, hutanivuta."

Alisema kwa sauti kubwa ili hata wafuaji wa nyuma wasikie, lakini moyo ulikuwa umemshuka. Kaunta ni mahali pa kutoa risiti na kutabasamu, na tangu azaliwe hajawahi kutabasamu kwa mshahara. Mezani ndipo alipokuwa yeye. Ukimwondoa pale, utabaki na mama mmoja hivi asiyeona mbali.

Kesho yake akaenda kwa daktari wa macho, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu. Kitu cha kwanza alichokagua ni koti la daktari. Lilikuwa jeupe, mabega yamekaa, mikono imenyooka. Akaamua kumwamini.

Daktari alimkalisha mbele ya mashine, akamwambia aweke kidevu pale, akatazama jicho moja kwa muda mrefu, kisha la pili.

"Hizi lenzi nani alikupimia?"

"Nilitaja namba ya miwani yangu, nikauziwa."

"Namba inasema unahitaji nguvu gani. Haisemi jicho lako lina umbo gani. La kwako limebinuka kuliko ya wengi, na hizi ni bapa. Kila ukipepesa zinateleza, ukingo unanyanyuka, zinakauka."

"Yaani ni kama kumkatia mtu suruali kwa kumuuliza urefu tu, kiuno ukakisia."

"Ndiyo hivyo hasa," daktari akasema, akacheka.

Akamvua zile, akamtolea nyingine, za mbinuko wake, za aina inayopitisha hewa na isiyokauka upesi chumba kikiwa na joto. Za kuvaa asubuhi na kutupa jioni. "Zivae nikuone unavyofanya."

Bi Nyoosha alikuwa ametokea kazini moja kwa moja. Akanyoosha kidole kwenye kikopo kidogo chenye lenzi.

"Ngoja. Mikono."

"Mikono ina nini?"

"Unawe kwanza."

Hapo alikasirika. Kuna matusi ya namna nyingi duniani, lakini kumwambia dobi akanawe mikono! "Daktari, mikono hii tangu alfajiri imo kwenye sabuni. Hapa ndani labda mnawe wewe na hiyo mashine yako. Mimi kazini navaa hivi hivi, natoa hivi hivi, na hakuna mikono safi kuliko yangu mtaa huu mzima."

Daktari hakubishana. Alichukua lenzi moja mpya, akamwekea kiganjani. "Isugue kidogo kwa kidole, kama unavyofanya kazini." Akasugua. Daktari akaidondoshea tone la maji, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akamsogezea kiti. "Tazama."

Bi Nyoosha akainama. Maji hayakutandaa. Yalijikusanya vipande vipande, yakiacha sehemu kavu, na juu ya lenzi nzima kulikuwa na utando mwembamba mweupe, umekakamaa. Utando ule hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikuwa akiutia kwenye kosi na vikofi vya mikono ya mashati ya wateja kila siku ya Mungu, ili vikakamae.

"Wanga," akasema.

"Wanga, na nadhani kuna na ile dawa ya kulainishia nguo. Mikono yako kweli ni safi, mama. Lakini haijasuuzwa."

"Nimekuwa nikiyatia macho yangu wanga!" Akajipiga paja, akacheka mpaka mtu wa mapokezi akachungulia. Alicheka kwa aibu kidogo, na zaidi kwa raha, maana kosa ukishalijua jina halikutishi tena. Akaenda kwenye sinki, akanawa kwa sabuni isiyo na manukato, akasuuza, akasuuza tena kama anavyosuuza nguo ya mtoto mchanga, akakausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha akavaa. Akapepesa. Akasubiri mchanga uje. Haukuja.

Sare za bendi zilipofika, alikuwa mezani kabla ya mtu yeyote, mikono keshainawa chooni, mbali na mapipa ya wanga. Mvuke ukapanda, naye akaona. Marinda yaliingia mstarini moja baada ya jingine, kila moja mahali pake. Saa sita mchana ikapita, macho yakiwa na unyevu wake. Jioni tajiri alikuja, akainua sketi moja, akaigeuza, akainua nyingine.

"Kaunta nimtafute nani?" akauliza.

"Mtafute anayejua kutabasamu."

Usiku akazitupa lenzi za siku, akalipapasa shati la mwalimu kwa mazoea. Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza, Bi Nyoosha alivaa lenzi zake nyumbani kabla ya chai. Mumewe akatoka chumbani na shati jeupe, mkoba mkononi, akasema ahsante mama kama kawaida. Bi Nyoosha akaganda na kikombe. Kwenye kila mkono wa shati ulishuka mstari wa pasi, na pembeni yake mstari wa pili, toka begani hadi kikofini, kama reli. Ukosi ulikuwa na kona iliyokunjwa na kukandamizwa.

"Hili shati nani kalinyoosha?"

"Wewe."

"Juzi je?"

"Wewe. Yote wewe."

"Na yote yako hivi?"

Mwalimu akatazama mkono wake, akatazama dirishani. "Watoto wananiita Sambamba. Somo la mistari sambamba mwaka huu sikuchora hata ubaoni."

"Miezi yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa ukirudi macho mekundu, na bado unaninyooshea. Halafu wakiniuliza dobi wangu ni nani, nawaambia ni Bi Nyoosha mwenyewe."

Macho yakamjaa, na safari hii si kwa ukavu. Akaweka kikombe chini, akaenda kuwasha pasi.

"Vua."

"Nitachelewa."

"Chelewa."