Nasriya Aliyesema Mpira Umeingia

Nasriya bint Thabit aliletwa Maskati kutoka Unguja angali mtoto wa kubebwa, na tenisi alijifunza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa nyumba ya wazee wake. Hakuolewa. Alifanya kazi wizarani mpaka akastaafu, na jioni zake alizitumia kwenye klabu moja ya tenisi mtaa wa Qurum, akicheza upande mmoja na Khole, shoga yake tangu skuli. Vikombe vya wanawake wawili wawili walivichukua mwaka baada ya mwaka. Katika nyumba yake ya Bawshar, Khole peke yake ndiye aliyekuwa akiingia bila ya kupiga simu kwanza.

Klabu ile haina refa. Kila upande hujiamulia mipira inayoanguka kwao. Wakisema umetoka, umetoka. Mtu hujulikana hapo.

Katika fainali ya mwaka jana ilibaki pointi moja Nasriya na Khole wachukue kikombe. Mpira wa wapinzani ukaangukia nyuma, kwenye pembe ya Nasriya. Khole, aliyekuwa karibu na wavu, akageuka na kusema kwa sauti, "Nje!" Wapinzani wakakubali, wakaja kutoa mikono, na watu wakapiga makofi.

"Umegusa mstari," akasema Nasriya. "Pointi yao."

Mchezo ukaendelea, wakashindwa. Tangu siku hiyo Khole hakukanyaga Bawshar.

Juzi alikuja. Alikunywa kahawa, akasifu mapazia, kisha akasema lililomleta.

"Mashindano hayo yamefika, shoga. Nnataka tucheze. Lakini Ijumaa nna wakwe zangu kwa chakula. Walikuwepo siku ile, ukanitoa mwongo mbele yao. Njoo uwaambie ule mpira hukuuona barabara."

"Nliuona."

"Kwa macho hayo yanayoshindwa kutia uzi kwenye sindano?"

"Sindano inanishinda. Mstari nnauona."

"Refa gani we, bibi, hata mshahara hulipwi." Khole alicheka, na Nasriya naye akacheka. Kitambo kirefu nyumba ile haikuwa imesikia kicheko cha watu wawili.

"Nitakuja," akasema Nasriya. "Nitawaambia ulikuwa mbali, hukukusudia, ulikosea tu."

Kicheko kikamfutika Khole usoni. "Mwaka mzima nimekaa, halafu niambiwe nimekosea? Neno moja tu nimekuomba."

Nasriya alilitafuta neno hilo. Alimtazama mwenzake aliyempenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja, akajua kuwa kulisema ni jambo la sekunde mbili. Wengi wetu tungelisema, tukaliita wema.

"Siliwezi, Khole."

Khole akachukua mkoba wake. Gari liliondoka taratibu, kama gari la mtu anayengoja kuitwa. Nasriya hakuita.

Asubuhi yake Fahd, karani wa klabu, alipiga simu. "Bi Nasriya, nikuandikeni na Bi Khole kama kawaida?"

"Niandike peke yangu, kwenye mchezo wa mmoja mmoja."

"Huko wamejaa wasichana wadogo tu, Bi Nasriya. Watakukimbiza."

"Wanikimbize," akasema, akakata simu, akaenda kuosha vikombe viwili vya kahawa vilivyobaki mezani tangu jana yake.