Vipimo Kumi na Moja vya Rivolva ya Marehemu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumamosi moja ya Oktoba, jirani yangu alinigongea mlango akiwa ameshika mfuko wa dukani. Ndani ya mfuko, ikiwa imeviringishwa kwenye taulo la jikoni, mlikuwa na rivolva.

"Funga mlango, mwanangu," alisema. "Nataka kuiuza. Lakini kwanza niambie, ni ya kweli au mume wangu alichezewa shere?"

Alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, Mhindi wa Mombasa aliyehamia huku ughaibuni, Queensbury, akiwa bado msichana. Watoto wake wanakielewa Kiswahili ila humjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mambo mazito aliyaleta kwangu. Mimi ni fundi wa lifti. Habari za saa, kufuli na silaha za kale nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya maktaba, nikinakili kwenye madaftari ambayo hakuna aliyewahi kuomba kuyasoma.

Kisa chenyewe nilikijua. Miaka thelathini iliyopita marehemu mumewe alitumwa akiwa na pauni mia nne kununua mashine ya kufulia. Akarudi na rivolva. Mama, kama ninavyomwita jirani yangu, alifua kwa mikono miezi minane, na mashine ilipopatikana hakuacha kumkumbusha. Watoto waliiita ile bastola "mashine ya baba".

"Nilimsema miaka ishirini na minane, mpaka anakufa," aliniambia. "Kama ni bandia, nilikuwa na haki. Kama ni ya kweli..."

Nina vipimo kumi na moja, na kila kimoja nakipa ukurasa wake. Kwanza sheria: ilikuwa ya aina inayotumia risasi zenye pini ndogo ubavuni, ambazo hazitengenezwi tena, kwa hiyo inaruhusiwa kuwekwa nyumbani kama pambo. Kisha namba: ile ya kwenye silinda ililingana na ile iliyofichwa chini ya mbao za mpini. Kisha skrubu. Mwisho rangi. Chuma kikizeeka hujivika utando wa kahawia, mzito pale mkono usipofika, mwepesi pale unaposhika. Waghushi hutumbukiza chuma kwenye asidi, kikatoka na uzee uliolingana kila mahali, jambo ambalo halijawahi kumtokea mzee yeyote.

Kazi ilinichukua saa tatu na dakika arobaini.

"Daktari alinitoa mawe ya figo kwa muda mfupi kuliko huu," alisema mama.

"Ni ya kweli," nikamjibu.

"Sasa kwa nini hakunibishia?"

Swali hilo halikuwemo katika vipimo vyangu. Nilimwambia tu kwamba dukani angepata kama elfu moja na mia moja, nikamwandikia kurasa tatu za maelekezo: jinsi ya kuifunga, jinsi ya kuibeba, karatasi za kuchukua. Kurasa zile nazijua kwa moyo. Zinataja hata unyevu wa kabatini.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza kwa mwuza vitu vya kale. Mama alikunjua taulo juu ya meza, na kwenye mtutu nikauona uso wangu.

Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Diwali yeye husugua kila kitu cha chuma na shaba kilichomo nyumbani. Hutumia ukwaju, na kwa vitu vikaidi, waya wa kusugulia sufuria. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na sita, ladu zake tamu nazila kila Diwali, na sikuandika neno moja kuhusu usafi. Vipimo vyangu vyote vilimhusu mghushi.

"Siku mbili nimeisugua," alisema kwa fahari. "Miaka yote ile sikumfutia hata vumbi."

"Hii ni nakala mpya?" aliuliza mwenye duka.

Ilinibidi nifungue daftari na kumwonyesha kila namba. Alipofungua mpini, akaukuta ule utando wa kahawia pale ambapo ukwaju haukufika, alikubali.

"Ni ya kweli kabisa. Ingekuwa elfu moja na mia moja. Sasa hivi, mia tatu na hamsini."

Nilianza kumtafsiria mama, ingawa Kiingereza chake kinakishinda changu. Alinikatiza kwa mkono.

"Amesema ni ya kweli?"

"Amesema hivyo."

"Basi achukue."

Kwenye basi aliniambia niandike. Nilifungua ukurasa wa kumi na mbili, nikaandika hasara: mia saba na hamsini. Akaweka kidole juu ya tarakimu.

"Futa hiyo. Yeye alinunua mia nne, mimi nimeuza mia tatu na hamsini. Watoto nitawaambia baba yao hakuchezewa. Kilichopotea nimekipoteza mimi, kwa waya wa sufuria."

Niliikagua hesabu yake mara mbili, sikuona pa kuipinga. Nikafuta, nikaandika jina la mama, na mbele yake: hasara, pauni hamsini.