Mistari Iliyobaki kwenye Swichi

Mzee alikuwa ameanguka kutoka juu ya mparachichi huko Mwika, na picha ya kichwa chake ilikuwa imeshapigwa. Tatizo ni kwamba haikumfikia daktari, aliyekuwa jengo la pili katikati ya upasuaji mwingine, akiingojea kwenye kioo cha ukutani. Mtandao wa hospitali nzima ulikuwa umeganda. Na fundi wa mtandao ni mimi.

Katika kichumba kando ya wodi alimolazwa mzee nilichomeka kompyuta yangu moja kwa moja kwenye swichi, lile sanduku linalounganisha mashine zote, nikaiagiza inionyeshe kumbukumbu zake. Mistari ikamwagika kama mahindi kutoka gunia lililotoboka. Binti wa mzee, mama mtu mzima mwenye kanga mabegani, alikuwa amesimama mlangoni.

"Kaka, bado?"

"Bado, dada. Kidogo tu."

Haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo hakuwahi kusimamiwa mlangoni na mtoto wa mgonjwa. Mwishoni mwa amri niliweka kistari cha wima, nikaandika include na neno la hitilafu, ili swichi iniletee mistari yenye neno hilo pekee. Haikuleta hata mmoja. Nikajaribu neno jingine. Patupu. Nikaitukana kimoyomoyo.

Simu ikaita. "Picha iko wapi?" Daktari hakungoja jibu, akakata.

Ndipo nikajikasirikia mwenyewe. Nilikuwa natafuta shida niliyoizoea. Nikageuza: nikaandika exclude, nikaondoa mistari yote ninayoifahamu, ile ya watu kuwasha na kuzima kompyuta zao. Iliyobaki ilisema jambo moja tu, tena na tena: mashine zilezile zinaonekana mara kwenye poti ya saba, tundu la kuchomekea waya, mara ya kumi na tisa. Yaani kuna waya mmoja uliochomekwa ncha zote mbili ukutani, na kila ujumbe unazunguka humo bila kutoka. Nikaifunga poti ya kumi na tisa.

Simu ikaita tena. Ni daktari: picha imefika, damu imevilia kichwani, mzee apelekwe upasuaji sasa hivi.

Walipokwisha kumpeleka niliingia wodini nimevimba kwa hasira, maneno ya kumwambia aliyefanya ujinga ule nimeshayapanga. Waya niliukuta nyuma ya mahali kilipokuwa kitanda cha mzee. Binti yake alikuwa pale anafagia, maana kwetu ndugu wa mgonjwa hakai bure.

"Huo niliuchomeka mimi asubuhi," alisema. "Ncha ilikuwa inaning'inia, nikaona wauguzi watajikwaa wakimkimbilia baba."

Nilimwambia asante, ila waya wenyewe ni mbovu, nautoa. Akashika ncha moja, akanisaidia kuukunja taratibu, akaniuliza kama kuna kingine anachoweza kumfanyia baba.